Nasibu Iliyopangwa kwa Mkono

Jumatatu, 9 Juni

Nimedhulumiwa! Naandika humu kwa sababu nyumbani hakuna wa kunisikiliza, na kazini ndiko walikonidhulumu.

Kongamano letu la hisabati ya kompyuta na nasibu linaanza Alhamisi. Mgeni rasmi ni Profesa Mkongwe, mtu ambaye akitikisa kichwa kukubali jambo, wanahisabati wote hutikisa vyao. Idara yetu ina nafasi moja ya ajira ya kudumu. Moja tu! Tunaoigombea ni wawili: mimi, na mwenzangu tunayegawana chumba cha kazi, ambaye wanafunzi wamembandika jina la Sarafu kwa kuwa hawezi kuchagua hata chai au kahawa bila kurusha sarafu. Mkuu wa idara ametamka wazi kwamba atakayemvutia Profesa ndiye atakayepewa. Na Profesa tutakuwa naye siku ya kwanza tu, mpaka chakula cha mchana. Baada ya hapo anawahi ndege.

Mwenye akili ameshaelewa. Atakayezungumza Alhamisi kabla ya mchana atasikika. Atakayezungumza Jumamosi alasiri atavihutubia viti.

Nikaenda kwa Mkuu kwa adabu zote, nikamwomba Alhamisi asubuhi. Nikamkumbusha miaka yangu tisa ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nikamweleza kwamba mama mkwe hata jina langu halitaji, huniita "yule wa mkataba". Mkuu, mama mtu mzima, akavua miwani, akasema mwaka jana watu walikaribia kukunjana mashati kwa sababu ya ratiba, kwa hiyo mwaka huu zamu zitapangwa kwa kura. Eti sisi ni watu wa nasibu, basi tuiamini nasibu.

Tuiamini! Mimi nimeisoma nasibu ujana wangu wote. Naijua ilivyo, ndiyo maana siwezi kuikabidhi maisha yangu.

Jumanne, 10 Juni

Kamati imekaa tangu asubuhi kuamua kura ipigweje. Kazi ambayo watoto wa chekechea wangeimaliza kabla ya uji!

Mmoja akapendekeza vikaratasi ndani ya kofia. Mwingine akapinga: vikaratasi vikikunjwa havichanganyiki sawasawa, na yeye aliwahi kuandika makala nzima kuhusu jambo hilo. Likaja wazo la dadu. Mzee mmoja akatoa rula mfukoni, akaipima dadu ya kamati, akatangaza kwamba upande mmoja umelika. Wakamgeukia Sarafu na sarafu yake. Yeye mwenyewe akakiri kwamba sarafu yake huelemea kidogo upande wa kichwa, anajua siku nyingi, lakini wameshazoeana. Mchana ukaingia, kura hatuna, matumbo yananguruma.

Hapo nikanyoosha mkono.

Nieleze hapa, maana hakuna aliyewahi kueleza vizuri zaidi yangu. Programu nyingi za kompyuta hufanya kazi kwa kubahatisha, kama mtu anayeonja kijiko kimoja badala ya kumaliza sufuria. Makala yangu ya kongamano hili inathibitisha kwamba bahati ya kweli haihitajiki. Unaipa programu yangu namba moja ndogo, tunayoiita mbegu, nayo inaotesha bahati ya bandia ambayo hakuna mashine yenye kasi itakayoitofautisha na ile ya kweli. Bahati feki isiyoshikika! Kazi ya miaka sita. Basi nikasema programu hiyo hiyo ipange zamu, na mbegu aitaje Profesa mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima.

Wakakubali kwa sauti moja, wengine wakiwa wameshasimama kuelekea kwenye chakula. Sarafu akanipiga bega, akasema, "Kaka, hilo ni wazo safi." Namjua huyo. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkuu naye akauliza nani atajitolea kuikagua programu yangu kabla ya Alhamisi. Kunikagua mimi! Mtu mzima, mwenye familia! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Hakujitolea mtu, lakini tusi limebaki pale pale.

Jumatano, 11 Juni

Baada ya kutukanwa vile, nifanye nini? Wao wenyewe ndio wamenisukuma.

Nimeirekebisha programu kidogo. Profesa ataje mbegu aitakayo: moja, mia, tarehe ya kuzaliwa ya bibi yake. Programu itaipokea kwa heshima, itaizungusha kidogo kwa ajili ya macho ya watu, kisha itaitupa na kuonyesha orodha niliyoipanga mimi.

Na orodha nimeipanga kwa ufundi. Mwizi mjinga angejiweka wa kwanza. Mimi nimejiweka Alhamisi, wa mwisho kabla ya chakula, wakati ambao Profesa ameshachangamka na hajaanza kutazama saa. Sarafu nimempa Jumamosi alasiri. Halafu nikahakikisha kila kitu kinaonekana cha kubahatisha. Watu wa chuo kimoja sikuwaweka pamoja hata mara moja. Baada ya mwanamke, mwanaume. Baada ya mzee, kijana. Baada ya mada ngumu, mada laini. Nilikaa nayo mezani jikoni tangu nilipotoka kazini, nikifuta na kuandika.

Mke wangu akauliza ninafanya nini. Nikamwambia napanga nasibu. Akauliza tangu lini nasibu ikapangwa, na kama inapangwa basi niipange kwingine, anataka kukata vitunguu. Huyu ndiye mtu niliyemuoa. Hajui kwamba ni kwa ajili yake, kwamba nataka siku moja mama yake anipigie simu na kuuliza, "Baba hajambo?"

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Profesa Mkongwe, mzee mfupi mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, akapanda jukwaani. Mkuu akamwomba mbegu. Akafikiri, akataja namba ndefu, nikaiandika kwa madaha, nikabonyeza. Programu ikazunguka. Orodha ikatokea ukutani, kubwa, safi. Nikakaa mkao wa kula.

Watu wakaisoma.

Kisha dada mmoja mstari wa tatu akanyoosha mkono. Akasema kwa upole kwamba haoni hata watu wawili wa chuo kimoja waliofuatana. Jirani yake akasema ni mwanamke, mwanaume, mwanamke, mwanaume, tangu juu mpaka chini. Nyuma mtu akapiga mluzi. Nikatazama huku na huku: kila mtu ametoa kalamu! Watu ambao jana walikuwa wakisinzia kwenye usajili, leo wanahesabu juu ya bahasha, juu ya tiketi, juu ya kiganja. Mmoja akasimama juu ya kiti akatangaza kwamba uwezekano wa orodha kama ile kutokea kwa bahati tupu ni mdogo kuliko wa ukumbi huu kupigwa na kimondo kabla ya chai. Wakampigia makofi!

Profesa akaiweka hotuba yake pembeni, uso umemkunjuka kwa raha. Akaeleza kwamba mwaga maharage sakafuni uone: hapa yatarundikana, pale patabaki patupu. Nasibu ya kweli haina adabu, akasema, hurundika. Ni binadamu tu anayeogopa marundo, na kila akijaribu kuigiza nasibu, husambaza kila kitu kwa usawa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua.

Anajua! Mimi ndiye ninayewafundisha mwaka wa kwanza! Somo hilo hulifundisha kila muhula, wiki ya pili! Sasa mtu ukumbuke mambo ya wiki ya pili huku mkeo anakufukuza mezani na vitunguu vyake?

Lakini bado ningeokoka. Lililonimaliza ni lile lililofuata. Profesa akauliza programu ni ya nani. Mkuu akajibu kwamba ni yangu, ni ile ile iliyomo kwenye makala yangu. Mzee akanigeukia, na huruma yake ndiyo iliyoniuma. Akasema basi anasikitika, lakini makala imeanguka. Inadai hakuna atakayetofautisha bahati ile na ya kweli, na hapa ukumbi mzima umetofautisha kabla hata ya chai, tena bila mashine.

Makala imeanguka! Miaka sita! Damu ikanipanda. Nikasimama, nikapiga kelele kwamba huo ni uongo mtupu, kwamba programu yangu haina kosa hata chembe, kwamba haijatumika kabisa, na orodha ile nimeipanga mimi, kwa mkono wangu, jikoni kwangu!

Niliposikia nilichosema, nilikuwa nimeshakimaliza.

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Nilipoona vicheko haviishi, nikadai, ndiyo, nikadai, programu halisi iendeshwe hapo hapo kwa mbegu ile ile, waone wenyewe. Mkuu akamweka Sarafu kwenye kompyuta ili mimi nisiguse kitu. Akaitoa programu halisi kwenye makala yangu, akaandika mbegu, akabonyeza.

Wa kwanza kabisa, mara tu baada ya Profesa: mimi. Wa pili: Sarafu. Kisha watu watatu wa chuo kimoja kwa mfululizo. Kisha wanawake tu mpaka chai. Rundo juu ya rundo! Nasibu safi, tukufu, iliyotoka kwenye programu yangu mwenyewe, nayo imenichagua mimi!

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mtu akapaza sauti kwamba mwizi sasa haoni hata aibu. Nikaapa. Nikampigia Mkuu magoti, karibu. Profesa akasema kwa sauti ya chini kwamba kwake yeye orodha hii inaonekana sawa kabisa, lakini hapa si kwake, waamue wenyeji. Mkuu akaizima projekta.

Mara moja tu katika maisha yangu haki imetendeka, na hakuna aliyeitambua. Kwa nini programu haikuniambia mapema? Ningejiendea zangu kulala.

Wakaleta ndoo ya plastiki ya kufanyia usafi, vikaratasi vikatiwa ndani, vikakorogwa. Hakuna aliyeuliza kama vinachanganyika sawasawa! Mimi: Jumamosi alasiri, wa mwisho kabisa. Sarafu: leo, wa mwisho kabla ya chakula. Nafasi yangu niliyoichagua kwa mikono yangu!

Sarafu akanifuata kwenye korido. Akasema tubadilishane, yeye Jumamosi hana neno. Nikamkazia macho. Hakuna mtu anayetoa nafasi kama ile bure. Lazima kuna mtego. Nikamjibu kwamba kura ni kura, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Akainua mabega, akaingia ukumbini. Nasikia Profesa alitikisa kichwa mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Profesa ameshaondoka. Kwenye chai watu wananisalimia kwa kuniuliza kama sukari naitia kwa mkono.

Nyumbani nimesimulia yote, nikitarajia walau pole. Mke wangu akaacha kijiko mezani, akasema, "Baba watoto, yaani bila kufanya kitu chochote ungekuwa wa kwanza?" Nikamwambia asilitazame kwa namna hiyo. Akaniuliza kuna namna nyingine gani. Nikatoka nje.

Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Mkuu hajatangaza jina bado. Kesho ukumbi wangu ukifurika, habari itamfikia, naye atafikiri upya. Tatizo ni kwamba Jumamosi alasiri wageni wote huwa tayari na masanduku, wanasubiri basi la uwanja wa ndege langoni.

Nimesimama kitambo mbele ya ubao wa matangazo. Kuna tangazo la basi. Kuna nafasi pale panapoandikwa mahali pa kukusanyika. Nimebandika jingine juu yake: wasafiri wote wakutane katika ukumbi wa pili, saa tisa kamili. Ukumbi wa pili ni wangu. Saa tisa ni yangu.

Huu si udanganyifu. Ni kuwapunguzia wageni jua.

Jumamosi, 14 Juni

Umejaa! Saa tisa kasoro, ukumbi wa pili umejaa mpaka mlangoni! Sijawahi kuona. Nilimwona Mkuu akichungulia, akashangaa, akasimama nyuma. Nilifurahi, nakiri.

Nikaanza. Kweli walikuwa wamekalia masanduku yao, na kweli kila mlango ulipolia waligeuka wote, lakini mzungumzaji mzoefu hababaishwi na hayo. Mtu akauliza dereva ni nani. Nikamjibu maswali ni mwishoni. Nikafika slaidi ya tatu, pale ninapoanza kupamba moto, na honi ikalia upande wa pili wa jengo. Langoni. Ikalia tena, kisha tukasikia injini ikiondoka.

Sitaki kueleza zaidi. Sanduku moja limepita juu ya mguu wangu. Yule dada wa mstari wa tatu, ambaye nilimdhania mpole, alinitamkia neno ambalo sikujua kama wasomi wanalo. Mzee wa rula alikimbia kuliko wote. Basi walilikuta kwenye kona ya pili, wakapanda wakihema. Mkuu alilibandua tangazo langu ubaoni, akalikunja mara mbili, akaondoka nalo bila kunitazama.

Niliporudi ukumbini nikamkuta Sarafu peke yake, amekaa mbele, daftari magotini. Akaniomba niendelee. Nikaendelea, kwa kuwa nimelipiwa projekta mpaka saa kumi. Alisikiliza yote. Akauliza kuhusu hatua ya tano, swali la maana, swali ambalo ningependa aliulize Profesa. Nikalijibu huku nimeuziba ubao kwa mwili wangu. Akasema, "Kaka, hii kitu ni kweli. Hii ni kubwa." Macho yake yalilowa kidogo. Unafiki wa hali ya juu! Akaomba nakala. Nikampa, ila ukurasa wa mwisho nimeuficha. Mimi si mtoto.

Jumatatu, 16 Juni

Nafasi amepewa Sarafu. Nilisoma kwenye mlango wa Mkuu, nikarudia kusoma, nikaenda kukaa chooni mpaka kifua kikatulia. Miaka tisa. Sina la kuandika juu ya hilo, isipokuwa kwamba inauma, inauma kweli.

Sarafu akaja chumbani na aibu usoni, eti yeye ndiye aliyekosea. Akasema alimtumia Profesa makala yangu. Nikaruka: mwizi! Akasema ameituma kwa jina langu, na kwa kuwa ukurasa wa mwisho ulikosekana alikesha akaukamilisha mwenyewe, akaeleza kwamba wazo ni langu lote. Na Profesa amejibu. Nimelisoma jibu kwa macho yangu. Anasema uthibitisho umesimama imara. Anasema ananitaka katika taasisi yake, si kwa mwaka mmoja, kwa kudumu! Kwa kudumu! Anachohitaji ni barua moja tu ya Mkuu wa idara kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Akaongeza kwamba kwa yaliyotokea Alhamisi, bila barua hiyo hawezi kuwashawishi wenzake.

Sarafu ameshazungumza na Mkuu. Mkuu yuko tayari kuandika, hana kinyongo, mradi nivuke korido, nigonge mlango, nimwombe radhi kwa ratiba na kwa basi. Hatua chache tu. Nikampigia simu mke wangu. Akaanza kulia kwa furaha. Akaniambia niende sasa hivi, nisikae, nisifikiri, nisipange kitu. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe akiuliza kama baba hajambo.

Niombe radhi! Mimi! Niliyetukanwa mbele ya ukumbi, niliyekanyagwa na sanduku! Hata niwe na njaa ya namna gani, heshima ninayo.

Kwa bahati nzuri karatasi zenye nembo ya idara ziko kabatini, na saini ya Mkuu nimeiona kwenye mikataba tisa. Barua nimeiandika mwenyewe. Imetoka nzuri mno, ya kutoa machozi: mwaminifu, mnyenyekevu, mpenda taratibu. Ndipo nikashtuka. Nzuri mno! Kosa lile lile la Alhamisi! Mkuu ni mtu wa haraka, barua zake hazikosi makosa. Safari hii sirudii ujinga. Mtu hujifunza.

Nimeirudia na kuichafua kidogo, kama barua ya kweli. Aya nne, makosa manne, kila aya kosa moja katikati kabisa. Nimeshamtumia Profesa.